Tumpeleke Wapi Mtoto Mgonjwa?

Mtoto akishikwa na homa usiku, ndugu hukusanyika na kushauriana. Mmoja husema, "Tungoje asubuhi." Mwingine husema, "Twende hospitali kubwa ya mjini, huko ndiko kwenye madaktari hodari." Je, lipi ni jema?

Twaona kwamba mahali pafaapo si pale penye sifa kubwa, bali ni pale pawezapo kumtibu mtoto huyu, tena pafikike kwa wakati. Malaria hupimwa zahanati kwa tone moja la damu. Kuipita zahanati hiyo kwa ajili ya fahari ni kumpotezea mtoto saa zake. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, au atapikaye kila alacho, au apatwaye na degedege, au aliyezimia, huyo hangoji asubuhi. Na mganga wa zahanati akisema, "Mpelekeni hospitali ya wilaya sasa hivi," tusikae kuhesabu mbuzi wa kuuza.

Kosa letu ni kuchagua huku tukijitazama sisi wenyewe: gharama yetu, heshima yetu, maneno ya jirani. Mtoto ni amana ya Mungu kwetu, wala hana sauti barazani. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto hakuficha neno, sisi ndio tuliomficha. Basi kabla ya kutoa shauri, na tujiulize kama shauri hilo ni kwa ajili yake, au kwa ajili yetu.