Elisha Hakumpa Naamani Chumvi

Masomo: 2 Wafalme 2:19–22, 5:1–14



Mwaka jana, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa usharika wetu alinifuata ofisini na kichupa alichokifunga kwenye pindo la kitenge. "Baba Mchungaji, naomba uniombee hii dawa." Ilikuwa iodini ya maji, ya rangi ya kahawia, ya kudondosha matone kwenye glasi ya maji. Aliambiwa inayeyusha saratani ya titi. Nilikishika kile kichupa, nikaomba, nikasema amina. Sikumuuliza uvimbe ulianza lini, wala kama daktari ameuona. Alipofika hospitali ya rufaa miezi minane ilikuwa imepita na titi limegeuka kidonda. Tulimzika Februari. Ombi lile bado linanirudia usiku.

Iodini yenyewe sina ugomvi nayo. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunaijua kwa jina la madini joto, na wazee wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida shingoni mwa bibi zetu. Mvua za miaka mingi zilisomba madini hayo kwenye udongo wa milima, mahindi na maharage yakaota bila hayo, na tezi ya shingo ikavimba kwa kuhangaikia kidogo kilichopo. Miaka ya 1980 vilianza kugawiwa vidonge vya mafuta ya iodini katika wilaya zilizoathirika, baadaye ikaja chumvi yenye madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Kiasi hicho huwezi hata kukiona kwa macho, na ndicho kinachouwezesha ubongo wa mtoto kukua sawasawa tumboni. Kila nikisoma Elisha anavyotupa chumvi katika chemchemi ya Yeriko, na maji yale yakaacha kuleta mauti na kuharibu mimba, naikumbuka pakiti ya chumvi iliyo jikoni.

Geuza kurasa chache. Naamani amesimama na ukoma wake mlangoni pa Elisha yule yule. Bakuli la chumvi lilishafanya kazi Yeriko, na habari zake bila shaka zilienea. Lakini Elisha hakumpa Naamani chumvi. Alimtuma Yordani.

Hata katika saratani iodini ina kazi yake, tena kazi ya heshima. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York walichapisha habari za mgonjwa mwenye saratani ya tezi ya shingo iliyokwisha kusambaa, aliyepata nafuu kwa iodini ya mionzi. Tezi huvuta iodini, na safari hii ilivuta na mionzi ndani yake. Tiba hiyo inatumika mpaka leo, hospitalini, kwa kipimo. Nayo iodini ya Lugol, ya aina ile ile inayouzwa kwa matone, hupakwa kwenye shingo ya kizazi wakati wa uchunguzi: ngozi nzima hushika rangi ya kahawia, yenye dosari hubaki imefifia, na muuguzi anajua pa kutazama.

Titi nalo huvuta iodini, hasa mama anaponyonyesha. Wapo watafiti walioijaribu kwa panya na kupata matumaini. Hapo ndipo maneno ya wauzaji yalipoota. Lakini hakuna utafiti kwa wanadamu ulioonyesha kwamba matone hayo yanaponya saratani ya titi, na baadhi ya wanaoyasifu huagiza miligramu 50 kwa siku, zaidi ya mara 300 ya mahitaji ya mwili. Kipimo hicho kinaweza kuivuruga tezi ya shingo iliyokuwa nzima.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha ulinganisho wa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali. Wenye saratani ya titi walioacha tiba ya hospitali wakachagua tiba mbadala peke yake, hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara tano ya wenzao. Niliposoma hayo nilimwona yule mama na kitenge chake.

Najua alichokiogopa, kwa maana aliniambia akiwa wodini. Aliogopa kisu, alisikia kwamba ukipasuliwa, hewa inaingia na ugonjwa unakimbia mwili mzima. Aliogopa mume kumkimbia. Aliogopa kuuza shamba la watoto. Kichupa hakikumdai lolote kati ya hayo. Mimi, mchungaji wake, ningeweza kuzisikia hofu hizo siku ile ile ofisini kama ningefunga mlango na kumwuliza.

Katika nyumba ya Naamani alikuwepo msichana mdogo, mateka, asiyejua kutibu hata kikohozi. Alichojua ni mahali msaada ulipo, akasema.

Alhamisi hii gari la usharika linakwenda hospitali ya rufaa, linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Akina mama wa umoja wameshalipia mafuta. Mwenye uvimbe, mwenye chuchu inayotoa damu, mwenye kidonda anachokificha chini ya nguo, aje, hata kama kichupa kiko mfukoni. Nitakaa naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe, na tutaomba hapo hapo.