Mulozi Anatoka Wapi?

Kila mara neno la ulozi linaingia katika mazungumzo, watu wanauliza: mulozi ni nani? Sisi tunafikiri kuna ulizo lingine la kutangulia: mulozi anatoka wapi, na nani alimufanya kuwa vile? Tuchukue mufano wa mbali, katuni ya televizyo ya Japani inayoitwa Puella Magi Madoka Magica. Ilionyeshwa katika mwaka 2011, vipindi 12, na mwandishi wake ni Gen Urobuchi.

Tangu katuni ya Mahotsukai Sally, mwaka 1966, Wajapani walizoea kuona musichana mwenye uchawi akisaidia watu. Urobuchi aligeuza mambo. Kwake, kanyama keupe, jina lake Kyubey, kanaahidi musichana kumutimizia ombi moja. Yeye, kwa malipo, atapigana na walozi. Musichana anakubali. Hajue kama roho yake imetolewa na kuwekwa ndani ya jiwe. Kila huzuni inatia jiwe weusi, na siku linakuwa jeusi lote, yeye mwenyewe anageuka mulozi. Basi mwanzo wa wale aliokuwa anawaua ni wasichana sawa yeye! Hata maandishi ya Kijapani yanasema vile: "musichana wa uchawi" inaandikwa kwa alama 4, ondoa mbili za katikati, inabaki "mulozi".

Mulozi mumoja mukubwa sana anaitwa Walpurgisnacht. Jina hilo ni la Kijerumani, maana yake usiku wa Mutakatifu Walburga, kutoka tarehe 30 Aprili kuamukia 1 Mei. Wajerumani wa zamani walisema usiku ule walozi wanakutana juu ya mulima Brocken. Goethe aliuingiza katika Faust, sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1808. Mule, mutu wa elimu anapatana na shetani, lakini anayelipa sana ni Gretchen, musichana asiyetia mukono kwa mapatano yale. Maneno ya Faust yanaonekana kwenye kuta ndani ya katuni, na mulozi atakayetoka ndani ya Madoka anaitwa Kriemhild Gretchen. Kwa hiyo tunaona shina moja: mapatano yenye bei iliyofichwa.

Tumuangalie Sayaka. Aliomba mukono wa kijana mupiga violoni upone. Ukapona. Lakini kijana akaenda na mwingine, na Sayaka akabaki peke yake na jiwe lake. Alipogeuka mulozi, makao yake yalikuwa ukumbi wa muziki. Ndiyo kusema ubaya wake ulijengwa na vipande vya wema wake.

Mutu atasema: lakini mulozi anaua kweli, tumuhurumie namna gani? Ni haki kuuliza. Katuni haifiche maiti. Kuzuia ubaya ni lazima. Lakini kuzuia peke yake hakumalize kitu, juu kanyama keupe kangali kanazunguka kutafuta mutoto mwingine. Kyoko alijaribu kumurudisha Sayaka, akafa pamoja naye. Madoka, mwishoni, hakuomba nguvu ya kuua walozi vizuri zaidi. Aliomba walozi wote wafutwe mbele ya kuzaliwa, wa zamani na wa kesho, na bei alilipa yeye mwenyewe.

Hapa kwetu Kongo, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kushitaki mutoto kwa ulozi. Ni vizuri, lakini sheria haiwezi kuuliza mahali petu. Wakati kidole kinaelekea kwa mutoto mwenye huzuni, yatima, au asiyelala usiku, tuulize kwanza: nani alimwacha peke yake? Labda jibu litatuhusu sisi, kuliko yeye.