Kimya Kingi

Neno theluji tumelipokea kutoka Kiarabu, na sisi wa visiwani tumelijua vitabuni kuliko machoni. Nilipokuwa nikifasiri habari za maporomoko ya theluji, nilidhani taabu yangu itakuwa ni msamiati. Kumbe kisa chenyewe kilikuwa cha wanadamu, na jambo lililonielemea lilikuwa kimya chao.

Tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walikusanyika juu ya bonde la Tunnel Creek, katika milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani, ili wateremke kwa skii nje ya njia zinazolindwa. Wengi wao walikuwa mabingwa. Ilani ya hatari ilikwisha tolewa, na theluji mpya ilikuwa imelalia tabaka dhaifu. Poromoko likakatika, likawaua watatu. Baadaye baadhi ya walionusurika walieleza kuwa walikuwa na wasiwasi tangu kule juu. Lakini kila mmoja alipowatazama wenzake aliona nyuso zilizotulia, naye akanyamaza.

Theluji ya mlimani hujipanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka gumu likikaa juu ya tabaka legevu, hasa penye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja waweza kulikata. Katika ajali zinazoua, aghalabu tisa kwa kumi, aliyelikata ni marehemu mwenyewe au mwenziwe wa safari. Aliyefukiwa ana dakika kama 15 tu za matumaini makubwa, na waokozi wa mbali ni nadra kuwahi. Ndiyo maana kila msafiri hubeba sepetu. Tena sepetu hiyo haimfai mwenyewe akifukiwa, humfaa mwenziwe.

Hapa ndipo penye swali. Mtu aliyejitwisha sepetu kwa ajili ya uhai wa mwenziwe, je, ana haki ya kumnyima neno?

Wako watakaosema kuwa wote walikuwa watu wazima, kila mmoja alikwenda kwa hiari yake. Hoja hii ina nguvu, lakini hiari huhitaji habari. Pale ambapo kila mtu anakichukulia kimya cha mwenziwe kuwa ni ujuzi, hapana aliyeridhia kitu. Wote wamedanganyana bila ya kusema uwongo. Wahenga walituonya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku ile chombo kilikuwa na manahodha 16, na hapana aliyeshika usukani.

Wengine watasema kuwa kunyamaza mbele ya mjuzi ni adabu. Adabu hii naijua. Nimewahi kukaa barazani nikasikia mizani ya mshairi mkubwa ikipungua, nikatazama chini. Siku ile kilichoumia ni ubeti tu. Lakini ulimi uliozoea kunyamaza penye ubeti hautapata wepesi wa ghafla penye roho ya mtu.

Wanaofundisha safari za milimani wana kanuni moja: yeyote akisema turudi, hata awe mgeni kuliko wote, hurudi wote. Kanuni hii yapingana na desturi yetu ya wengi wape, nami naiona ni ya haki, kwa kuwa kura nyingi haziupunguzi uzito juu ya tabaka legevu.

Hata hivyo, ina gharama yake. Anayesema turudi, akasikilizwa, hatapata ushahidi kamwe. Mlima utabaki kimya, wenzake wataona wamepoteza siku njema, na yumkini wataona alikuwa mwoga. Hatajua iwapo aliwaokoa au aliwachelewesha tu. Kwa hiyo neno hilo lazima lisemwe na mtu aliyekwisha kukubali kuwa halitashukuriwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kule Tunnel Creek mshindo huo ulisikika, na waliokuwa na neno la kusema walikuwa hai, wakiusikia.