Mwenye Nyumba Alilipwa



Tusome Luka 10:35. Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili ili amtunze mgonjwa. Hakumwambia, "Mungu atakulipa."

Wauguzi wengi wa Kongo hawapati mshahara wa Serikali. Wanakula feza inayolipwa na wagonjwa. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, hapa Kivu ya Kaskazini na Ituri, watumishi wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Na sisi? Walipokuja kuabudu, tuliwahama kwenye benchi. Tulikosa, tunatubu.

Ndugu muuguzi, usimnyime maskini sindano kwa kukosa bahasha. Ndugu mwamini, ukitibiwa, lipa deni lako. Na tunapowaombea wauguzi wetu, tuwapelekee na unga.

Amina.