Je, Asemaye "Sijambo" Husema Uongo?

Jioni moja, katika darasa la watu wazima hapa Kampala, nilikuwa nikifundisha maamkio. Nilikwisha andika ubaoni hujambo, hajambo, hamjambo, hawajambo, nami nikaeleza, kama sisi walimu tuelezavyo siku zote, kwamba maneno haya yamejengwa kwa kikanushi: anayeulizwa "hujambo" huulizwa kama hana jambo lililompata, naye hujibu kwamba hana. Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, akanyosha mkono. "Mwalimu, na mtu akiwa na jambo, kisha akajibu sijambo, hajasema uongo?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka pamoja nao, nikaendelea na zoezi la umoja na wingi. Lakini swali lile nilikwenda nalo nyumbani.

Ukilitazama juu juu, jibu lake ni jepesi. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikuwa mkali mno juu ya uongo, hata akakataa kwamba yafaa kumdanganya muuaji ili kumwokoa rafiki. Hata hivyo, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, alisita alipofika kwenye maneno ya adabu. Aliuliza kama mtu amalizaye barua kwa kujiita mtumishi mtiifu wa mwenziwe amesema uongo, naye akaongeza kwamba hakuna anayedanganyika kwa maneno hayo. Bronislaw Malinowski, mtaalamu wa mila za watu, aliandika mwaka 1923 kwamba yako mazungumzo ambayo kazi yake si kupeleka habari, bali ni kuwaunganisha wasemao. Kwa hoja hiyo, "sijambo" si taarifa ya daktari. Ni kama mkono uliopokea mkono.

Ningaliridhika na jibu hilo lau si kisa kilichonipata miaka kadhaa kabla ya jioni ile. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu ambaye tulikutana kila asubuhi penye mlango wa shule. Nami humwuliza, "Habari za asubuhi?" Naye hujibu, "Nzuri, mwalimu." Muhula mzima ukapita hivyo. Siku alipokosa kufika kazini ndipo nilipopata kujua kwamba mkewe alikuwa amelazwa hospitalini kwa majuma saba, na kwamba yeye aliamka usiku wa manane kuwapikia watoto na kuwafulia kabla ya kuja kufundisha. Nilimwendea nikiwa nimeudhika, nikamlaumu: kwa nini hukuniambia, nami nakuuliza kila siku? Akanitazama kwa upole, akasema, "Uliniuliza ukiwa unatembea."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimekuja kumtuhumu kwa uongo wa jibu lake, kumbe uongo ulikuwa katika swali langu. Yeye alijua kwamba sikuuliza ili nijue, akanipa jibu lililolingana na mwendo wangu. Kant alisema kweli kwamba hakuna aliyedanganyika, lakini mtu aweza kuachwa peke yake pasipo kudanganywa na mtu yeyote.

Simaanishi kwamba kila mwenye shida aitangaze njiani. Kuficha ya nyumbani ni haki ya mtu, na pengine ndiyo stara yake. (Wako na wale ambao huwezi kuwaamkia kwenye kituo cha mabasi bila kusimuliwa maradhi ya ukoo mzima, hao nao wana lao.) Tena lugha yetu haikumfunga mdomo mwenye shida. Nimewasikia wazee wa pwani wakiulizwa habari za nyumbani. Hujibu "njema" kwanza, hata kama wametoka mazikoni, kisha hunyamaza kidogo, ndipo husema, "ila". Baada ya hiyo "ila" huja yote: mtoto hawezi, mvua imekataa, deni limefika. Neno hilo dogo sisi walimu hulifundisha kama kiunganishi tu, wala hatusemi kwamba linahitaji msikilizaji aliyesimama. Aliyekwisha kupita halisikii.

Yako mahali ambapo kusimama huku kumefanywa kazi ya tiba. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa maradhi ya akili wa Zimbabwe, alianzisha katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, kazi iitwayo Benchi la Urafiki. Madaktari wa fani yake walikuwa wachache mno nchini, basi akawafundisha mabibi wa mtaani kuketi kwenye benchi la mbao penye zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hamkatizi mtu wala hampi hukumu. Humsaidia achague tatizo moja kati ya mengi, walitafutie njia pamoja. Uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Nisomapo habari hizo humkumbuka mwenzangu yule wa penye mlango wa shule. Mimi sikukosa elimu ya kumsaidia. Nilikosa kuketi.

Siku hizi nimebadili zoezi la maamkio. Wanafunzi hukaa wawili wawili, na mwenye kuuliza haruhusiwi kuondoka baada ya "sijambo". Sharti aulize swali la pili, tena liwe la jambo analolijua juu ya mwenziwe: yule mtoto aliyekuwa hawezi, ule mtihani, ile nyumba iliyovuja. Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda. Wengi huanza kucheka, au hutazama saa.

Mama yule aliyeniuliza swali bado ni mwanafunzi wangu. Juma lililopita alinikuta nikifuta ubao, akaniamkia, "Hujambo, mwalimu?" Nikamjibu, "Sijambo." Hakwenda. Aliweka mkoba wake juu ya meza, akavuta kiti, akauliza, "Na lile goti?" Nikaweka kifutio chini. Goti lilikuwa halijaniwezesha kulala siku tatu, wala nilikuwa sijamwambia mtu.