Tanuri la Ufipa na Swali la Kughushi

Watu wengi huita bandia kila kitu kilichofanywa kwa kufuata kingine. Matanuri ya chuma ya Ufipa yaonyesha kasoro ya desturi hiyo.

Katika uwanda huo wa juu, ulipo mji wa Sumbawanga, wahunzi wa kale walisimamisha matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe kwa mirija iliyotiwa chini, pasipo mivukuto. Kazi ilikuwa na miiko: tanuri lilihesabiwa kuwa bibi arusi, fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, na wafanyakazi walijitenga na wake zao. Chuma cha kigeni kilipoenea, moto ukazimika. Katika miaka ya 1990 wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri tena kwa ajili ya utafiti wa Randi Barndon.

Je, tanuri hilo lilikuwa bandia? Asemaye ndiyo na aeleze ni nani aliyedanganywa. Mawe yalikuwa mawe, makaa yalikuwa makaa. Moto haujui kwamba unatazamwa. Kughushi ni jambo jingine. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, na baadaye zikauzwa picha zenye jina lake asizozichora yeye. Uongo haukuwa katika rangi bali katika jina lile pembeni, maana mnunuzi alilipia mkono wa marehemu akapewa wa mwingine. Wafuasi wake waliochora chui na ndege kwa mtindo wake, wakatia majina yao wenyewe, hawakumwibia mtu, ingawa wengine walichora ovyo.

Kikapu cha dawa ndicho kigumu. Tangu mwaka 1914 padre mmisionari Wyckaert alikwisha kuchapisha makala juu ya wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa pande za ziwa Tanganyika. Wote walitaka chuma, lakini hawakumwomba mmoja. Basi na achukuliwe mzee Mkristo, aliyeombwa atie dawa tanurini kama baba yake alivyotia. Chuma kitakachotoka ni chuma. Lakini dawa ile ilikuwa pia ombi, na ombi halikamiliki kwa mkono peke yake. Mtafiti ataandika kwamba dawa imetiwa, naye ataandika kweli. Kama ameona ibada au mfano wa ibada, daftari halitamwambia. Na huyo mzee, mkono ungali kikapuni, pengine naye asingeweza kujibu upesi.