Hekalu Lililoachwa Nusu

Katika bustani ya Ermenonville, kaskazini-mashariki ya Paris, kuna jengo la mviringo lililojengwa miaka ya 1770 na kuachwa nusu kwa makusudi. Mwenye bustani, Marquis René de Girardin, aliiga umbo la hekalu la kale la Tivoli nchini Italia, akaliita Hekalu la Falsafa na kuliweka wakfu kwa heshima ya Michel de Montaigne, mwandishi aliyewaonya wenzake dhidi ya kujifanya wanajua kila kitu. Nguzo sita zimesimama. Kila moja imechongwa jina la mtu na, kwa Kilatini, kile alichowaachia wanadamu: Newton nuru, Descartes fundisho kwamba hakuna utupu katika vitu, Voltaire kejeli, William Penn utu, Montesquieu haki, na Rousseau maumbile. Nguzo nyingine zimelala chini, na kwenye mojawapo ya mawe hayo limeandikwa swali: nani atalimaliza? Nguzo iliyovunjika nayo inatangaza kwamba uongo hauwezi kusimama. Girardin aliona vyema kwamba ujenzi wa ukweli haujaisha. Ila kazi iliyobaki ni kubwa kuliko alivyoonyesha, kwa sababu hata nguzo zilizokwisha kusimamishwa zinadai kukaguliwa upya.

Tuanze na Descartes na Newton. Mwaka 1644 Descartes alichapisha fundisho kwamba ulimwengu umejaa maada bila nafasi tupu, na kwamba sayari huchukuliwa na mikondo ya maada hiyo. Newton, katika kitabu chake cha 1687, alionyesha kwamba mikondo ya namna hiyo haiwezi kuziendesha sayari kwa jinsi zinavyoonekana zikienda. Hekalu lilipojengwa, wanasayansi wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kumfuata Newton. Hivyo jengo linalotangaza kwamba uongo hauwezi kusimama liliusimamisha, kwenye mojawapo ya nguzo zake, usemi uliokuwa umepingwa na mwenye nguzo nyingine. Newton naye alisahihishwa na Einstein mwaka 1915, baada ya mzunguko wa sayari ya Zebaki kukataa kulingana kikamilifu na hesabu zake. Wala hilo halikuzifuta hesabu za Newton. Wahandisi wanazitumia hadi leo. Kilichofanyika ni kujulikana zinafika wapi na zinakomea wapi.

Nguzo ya Penn ina jambo zito zaidi. Penn alianzisha koloni la Pennsylvania na kuwapa watu wa madhehebu mbalimbali uhuru wa kuabudu, jambo la nadra katika zama zake. Mtu huyohuyo alimiliki watumwa. Na katika muongo uleule wa kujengwa kwa hekalu hili, mwaka 1776, Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1000 kila mwaka. Walikusudiwa kupelekwa kwenye mashamba ya Wafaransa katika kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Kwa watu wa pwani yetu waliofungwa minyororo wakapakiwa majahazini, neno utu lililochongwa kwenye jiwe huko Ufaransa lilikuwa limekatwa kipande, na kipande kilichokatwa ni wao. Na mkono wa Sultani katika mkataba ule unatukumbusha kwamba aibu hii haikuwa ya Ulaya peke yake.

Kuna watakaosema si haki kuwapima watu wa kale kwa kipimo cha leo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kipimo kingekuwa cha leo. Mwaka 1688, huko Germantown, ndani ya koloni la Penn mwenyewe, waumini wa jumuiya yake ya Kikristo, Wakweka, waliandika waraka wa kuupinga utumwa. Mwaka 1748 Montesquieu aliwadhihaki waliojitafutia sababu za kuwatia Waafrika utumwani, na mwaka 1762 Rousseau aliandika kwamba hakuna haki yoyote inayoweza kuuhalalisha utumwa. Wote wawili wana nguzo zao hapohapo. Ushahidi wa kuirekebisha nguzo ya utu ulikuwa ndani ya hekalu lenyewe; aliyekosekana ni wa kuzisoma nguzo hizo kwa pamoja.

Wengine watasema: kama kila nguzo inakaguliwa, basi akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ukweli vivyo hivyo. Lakini huwezi kusema Descartes alikosea, wala kwamba Penn aliwadhulumu watu, kama hakuna ukweli unaowahukumu wote wawili. Kosa hujulikana kuwa kosa kwa sababu ukweli upo. Muumini naye anaweza kuhofu kwamba fikra hii inaitikisa dini, kwa kuwa ufunuo wa Mungu hauna kasoro ya kurekebishwa. Ufunuo ni jambo moja, na ufahamu wa binadamu aliyeupokea ni jambo jingine. Mwanachuoni wa Kiislamu hukamilisha fatwa yake kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi, na mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ujuzi wetu ni wa sehemu tu. Wote wawili walikuwa na imani thabiti. Waliotumia maandiko kuwahalalishia wenye watumwa mali yao ndio waliouchukua ufahamu wao mfupi wakaupa cheo cha neno la Mungu.

Kwa hiyo swali la nani atalimaliza hekalu halijibiwi kwa kutafuta shujaa wa kuchongwa kwenye nguzo ya saba. Linajibiwa na kila anayefundisha, anayehubiri na anayetunga sheria, pale anapokubali kulirudia lile alilolirithi na kuuliza limemsahau nani. Elimu au dini ikivumilia swali hilo haitadhoofika, kwa kuwa lililo la kweli ndani yake litabaki limesimama, na waliodhulumiwa kwa jina lake watapata haki yao.